Maelekezo Yapo, Ila Jamaa wa Dar Anasemaje?

Mimi nina steshenari Chikongola, hapa Mtwara, kompyuta mbili, printa moja na mashine ya kopi ambayo hali ya hewa ikiwa na unyevu inagoma, kwa hiyo naomba mniamini nikisema hakuna karatasi inayolipiwa halafu ikaachwa mezani kuliko kitabu cha maelekezo. Barua ya posa mtu anaisoma na kuirudia kabla hajatoka mlangoni. Fomu ya mkopo ataisoma hata kama haielewi. Ila maelekezo, mtu ananirushia faili WhatsApp, kurasa kibao, anasema nitolee yote na unibanie vizuri, analipa kabisa, halafu kuja kuchukua haji, ukimpigia anakwambia aah we nitunzie tu hapohapo. Ninazo za jenereta, za pampu ya maji, za mashine za kupulizia mikorosho. Ila fungu kubwa kuliko yote kwenye kabati ni la treni.

Ndio, treni. Zile ndogo za mezani zinazotembea kwa umeme, na ukiwaambia wenyewe ni midoli unatafuta ugomvi.

Najua mtauliza treni Mtwara zimetoka wapi wakati hata kubwa hatuna. Tulikuwa nayo. Mwingereza alipokuja na mradi wake wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kupandisha huko bara kufuata karanga. Karanga zenyewe hazikuja, mradi ukafutwa 1951 zikiwa zimeshateketea pauni zaidi ya milioni 30, reli ikabaki inahangaika na mizigo ya kuokoteza mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Na tukisema ukweli ule mradi ulikufa kwa ugonjwa huuhuu ninaotaka kuusema leo. Waliingia na matrekta, mengine yametengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita, wakaanza kung'oa mapori kabla hawajajua vizuri udongo wenyewe ukoje na mvua inanyesha kiasi gani, wakati wenyeji wa Kongwa walikuwepo palepale na wanajua. Kwa hiyo mtu asije akanambia kutokusoma maelekezo ni tabia ya Waswahili.

Sasa Mwalimu, huyu ndo mwenye chumba cha hizo treni, kazaliwa Nachingwea na anasema aliiona ile treni akiwa mdogo, yeye na wenzake wanaikimbilia. Ni mstaafu, alifundisha hesabu. Miaka ile ya pilikapilika za gesi kulikuwa na mzungu mmoja jirani yake pale Shangani, anajifunza Kiswahili kwake jioni, na alipohama akamwachia boksi, reli za kuunganisha za kutosha kuzunguka meza ya chakula, vichwa viwili, mabehewa na trafo. Basi. Binti wa Mwalimu yuko Ujerumani, akaanza kutuma vingine kidogokidogo, na chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea magunia ya korosho sasa kina meza ya plaiwudi imejaa ukuta hadi ukuta.

Wanaokusanyika pale Jumapili ni Mwalimu, Fundi simu mwenye kibanda karibu na soko, Mjomba wangu ambaye maisha yake yote alikuwa anaendesha krani bandarini, na mimi, ambaye nililetwa kwa ajili ya printa tu nikanogewa.

Nianze na Mwalimu maana yeye ndo ananishangaza zaidi. Huyu mtu katufundisha nusu ya mji huu, na kila mtihani kabla hajagawa karatasi anasimama mbele na fimbo anasema soma maelekezo kwanza, soma maelekezo kwanza, na ukijibu maswali matano ulipoambiwa manne anakukata yote. Kuna watu wazima leo wana watoto wao na bado wakisikia hayo maneno wananyooka. Mtu huyohuyo binti akimletea boksi jipya anachana karatasi, anatoa kichwa cha treni, anatoa reli, kile kitabu kinabaki ndani ya boksi na boksi linapanda juu ya kabati. Nikamuuliza siku moja kwa adabu zote, shikamoo Mwalimu, hivi hiki hukisomi? Akanitazama. "Ule ulikuwa mtihani," akasema, "hii ni starehe."

Sikuwa na jibu na bado sina.

Ila tuwe wakweli, hivi vitabu navyo vina shida zake. Vya Trix, ambayo iko chini ya Märklin, kampuni ya kule Göppingen, Ujerumani, ya tangu 1859, unafungua unakuta Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa, Kiholanzi na vingine huko nyuma, Kiswahili usitafute. Kuna vingine ni karatasi moja unaikunjua inaendelea kukunjuka mpaka imefunika meza yote pamoja na reli. Halafu wanaanza na maonyo. Usimpe mtoto chini ya miaka 3, ina vipande vidogo. Usiingize nyaya za reli kwenye soketi ya ukutani. Trafo siyo mdoli. Mambo ya maana kabisa, sikatai, ila mtu ana kichwa cha treni mkononi kinang'aa, anataka kukiona kinatembea, wewe unamwambia habari za soketi. Mpaka ufike pale wanaposema unachokitaka umeshakata tamaa, na ukifika wanakwambia tazama mchoro wa 7, na mchoro wa 7 ni mshale unaoelekea kwenye kitu ambacho hukioni.

Kwa hiyo vitabu vina kazi zingine. Kimoja kipo chini ya mguu wa meza upande wa dirishani, maana sakafu ya pale imeinama, na nakwambia kimeisaidia treni kuliko ambavyo kingesomwa. Kingine Mama, mke wa Mwalimu, anapepea nacho jiko. Mjomba yeye anafungia korosho.

Kisa cha mwanzo nilichokiona kwa macho yangu ni cha skrubu. Vichwa vingi vikitoka kiwandani vinakuwa vimefungwa kwenye kitako cha plastiki visicheze njiani, na skrubu ziko kwa chini, na huu ndo mchoro wa kwanza kabisa kwenye karatasi, bisibisi na mshale, hata asiyejua kusoma anaelewa. Mjomba akashika kichwa, Mwalimu akashika kitako, wakavutana. Mtu aliyekuwa ananyanyua makontena akikwambia kitu kimenasa anamaanisha kimenasa. Kikatoka kweli, na ngazi moja ya dereva ikabaki kwenye plastiki. Hukumu ikatolewa palepale kwamba kimekuja kibovu. Fundi akaleta gundi.

Halafu kuna kile kifuko. Kila kichwa kinakuja na kifuko cha vitu vidogo, vijibomba vya breki, vindoano, vishikio, na karatasi inasema wapi vinakaa na inasema pia kwamba ukivifunga vyote mbele, kona kali hazitapitika kwa sababu kiungio kinakosa nafasi ya kucheza. Pale kwetu vifuko vyote viko kwenye kopo la maziwa. Hakuna aliyewahi kufunga hata kimoja. Nimekuja kusikia hata Ulaya wenyewe vifuko vinakaa hivyohivyo, basi tukajiona na sisi tumeshakuwa wa kimataifa. Na ile ya kukizungusha kichwa kipya taratibu bila mabehewa, muda mbele na muda nyuma, ili gia zizoeane, hiyo wala msiniulize. Pale kinatoka kwenye boksi kinafungwa mabehewa yote yaliyopo nyumbani.

Mafuta sasa. Hapa nikae kidogo maana hii ilituchukua miezi.

Gia za hivi vichwa zinataka mafuta mepesi yasiyokula plastiki, tone moja, na wanakuchorea kabisa tone lenyewe na mahali linapodondokea. Ukizidisha yanafika kwenye magurudumu, na kuna magurudumu mengine yamevalishwa raba nyembamba ili yashike reli, raba ikilowa mafuta treni inabaki inazungusha miguu palepale. Fundi alitaka ya cherehani. Mjomba akasema ya cherehani yana ukali, tia ya nazi, mafuta ya nazi hata mtoto mchanga anapakwa, yatadhuru nini kwenye chuma? Hoja ikaonekana nzito. Ilikuwa mwezi wa tatu, joto la Mtwara mnalijua, treni ikanywa nazi ikatembea laini hatujawahi kuona, na chumba kizima kinanukia wali.

Kusi likaingia. Mwezi wa saba asubuhi treni ikawa haitaki kuondoka, inaguna tu, ukiiongezea umeme inatetemeka halafu inanyamaza, ikifika saa sita saba mchana inaenda vizuri kabisa. Hapo ndo zilianza nadharia. Mwalimu akasema umeme wa asubuhi una nguvu ndogo kwa sababu watu wanachemsha chai. Fundi akaleta mita yake akapima, voti ziko sawa asubuhi na mchana, akasema basi ni sumaku ya mota imechoka, inahitaji kuamka. Mjomba akasema ni chumvi ya baharini, na hii haikuwa mbaya maana chumvi kweli inatusumbua, reli zisipofutwa zinashika utando na treni inakatakata. Tukafuta reli. Tukabadilisha nyaya. Tukahamisha meza ikae upande wa jua, mguu ukatoka kwenye kitabu chake, treni zikaanza kuteremka zenyewe.

Aliyetibu ni Mama. Kaleta chai, kakuta chupa dirishani, akauliza mmetia hii? Tukasema ndio. Akacheka mpaka akakaa. "Ya kwangu ya nywele msimu huu asubuhi naianika juani ndo inachotika, nyie mmetilia treni?"

Mafuta ya nazi yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na Julai yetu asubuhi inashuka hapo bila shida. Mwalimu akageuka akaniangalia mimi, "na wewe mwenye vitabu vyote kabatini ulikuwa wapi?"

Nilikuwepo. Nilishasema. Na hapa ndo nafika kwenye jambo lenyewe.

Mimi navisoma vile vitabu. Dukani kuna saa za mchana hapiti mtu, jua kali, nafanya nini? Navisoma toka mwanzo mpaka namba ya simu ya kiwandani. Na ile ya tone moja nilishaitamka mapema kabisa, nikasema Mjomba, hapa imeandikwa tone moja la mafuta mepesi. Mjomba akanijibu, "Imeandikwa na nani? Huyo aliyeandika anaijua hii treni yetu?" Mimi ni Mmakonde, yule ni mjomba wangu, kaka wa mama. Nikitaka kuoa anaitwa yeye. Nitasimama na kikaratasi cha Kijerumani nimsahihishe mbele za watu? Nikakaa kimya nikanusa nazi.

Muda si mrefu likatokea la namba. Hizi treni za kisasa kila kichwa kina kidubwasha ndani kinaitwa dekoda, na kila dekoda ina namba yake, kwenye kontrola unaita namba na kichwa chenye namba hiyo ndo kinakuja. Kutoka kiwandani vingi vinakuja na namba 3. Kwa hiyo ukiwa na vipya viwili ukaita 3 vinaondoka vyote, inabidi ubadilishe, na ili ubadilishe unakiweka kichwa hicho peke yake kwenye kipande chake cha reli, kinachounganishwa kwenye tundu la pembeni la kontrola. Peke yake. Wameandika kwa herufi nene. Fundi akachomeka lile tundu kwenye meza nzima, vichwa vinne viko juu, Mwalimu akapiga 57. Vyote vinne vikawa 57. Mwalimu akaita treni yake na stesheni yote ikahama, kimoja kinaenda, kingine kinakifuata, cha tatu kimetoka kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, kimelala, na Mjomba anapiga makofi anasema haya sasa ndo mambo.

Jumapili iliyofuata nikaja na maneno mapya. Nikasema, kuna jamaa mmoja yuko Dar, haya mambo kayaanza zamani, nimeongea naye, anasema ondoeni vyote mezani, wekeni kimoja kimoja, halafu pale kwenye CV ya 8, yani mpangilio namba 8 ndani ya dekoda, andikeni 8, dekoda nyingi zinarudi kama zilivyotoka kiwandani.

"Enhe," Mjomba akasogeza kiti. "Anasemaje tena?"

Jamaa hayupo, jamani. Jamaa ni kile kitabu, kurasa za mwishomwisho. Ila nilipomtamka tu kila mtu akanyamaza, Fundi akatoa kalamu, Mwalimu akaniambia rudia taratibu. Naandika haya bila wasiwasi kabisa kwa sababu nawajua, makala ndefu hivi hakuna hata mmoja wao atakayefika hapa.

Nimelifikiria sana na sidhani kama ni ubishi tu. Angalia salfa. Kila msimu watu wanapulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na mfuko una maandishi, nani anayasoma? Lakini wanapulizia na wanapata, kwa sababu bwana shamba kasimama chini ya mkorosho akaonyesha kwa mkono wake, na aliyeonyeshwa kamwonyesha shemeji yake. Elimu yote ile ya watafiti wa kilimo wa Naliendele ikifika kijijini inakuwa na uso na sauti, unaweza kuibishia, unaweza kuiuliza swali la kijinga, na ikikosea unajua pa kwenda kudai. Karatasi huidai. Kitabu cha Göppingen hakijawahi kula nyumbani kwako, kitakuamrishaje?

Na kuna mahali karatasi inashindwa kweli, nisiwaonee wenzangu. Kulikuwa na kichwa kimoja cha dizeli ukikiambia mbele kinarudi nyuma, huku taa ya mbele inawaka. Jamaa wa Dar akashauri CV 29, ongeza 1, mwelekeo unageuka. Tukaongeza. Kikaenda mbele vizuri, ila sasa inawaka taa ya nyuma, kwa sababu ile namba inageuza mwendo na taa kwa pamoja. Fundi hakusema kitu. Akafungua ganda, akakuta waya wa rangi ya chungwa na wa kijivu, hizo ndo zinazokwenda kwenye mota kwa desturi ya dekoda nyingi za hivi, akazichomoa kwa pasi ya solda akazibadilisha nafasi, akairudisha ile 29 ilivyokuwa, akafunga. Mwendo sawa, taa sawa. Hajui hata CV ni nini, ila kafungua simu nyingi mno kiasi kwamba waya ukikaa kinyume anauhisi. Mjomba akasema mwambie huyo jamaa yako wa Dar na huku watu wapo. Nikasema nitamfikishia.

Nilichojifunza ni kumpa jamaa tabia. Asijue kila kitu. Kuna siku namfanya asahau, namfanya abishane, maana anayejua kila kitu pale hapendwi. Nilipomwambia Mwalimu kwamba upana wa reli zake, milimita 16.5, kwa kipimo cha 1 kwa 87 unawakilisha milimita 1435, yani SGR, na kwamba reli ya Nachingwea ilikuwa ya mita moja na ilitakiwa iwe milimita 12 mezani, alininunia vibaya. Ikabidi nirudi nikaseme jamaa naye anakiri kwamba kwa macho ya kawaida hakuna atakayejua. Akafurahi. Stesheni yake bado imeandikwa Nachingwea.

Ya mwisho ni juzijuzi. Mjomba alichora njia mpya, reli inaondoka, inazunguka mwishoni na kurudi kwenye njia ileile ilikotoka, ili treni igeuke yenyewe bila kushikwa na mkono. Wazo zuri. Kwa reli za nyaya mbili kama zetu ni shoti ya moja kwa moja, kwa sababu ukizunguka vile reli ya kulia inakuja kukutana na ya kushoto. Kontrola ikazima. Wakawasha, ikazima. Wakalaumu umeme. Jamaa wa Dar akasema kateni reli zote mbili, mwanzo wa kitanzi na mwisho wake, katikati pabaki parefu kuliko treni yenyewe, halafu hapo kati ulisheni umeme kupitia kimoduli cha kugeuza pande za umeme. Binti akatuma kimoduli, na kitabu chake, ambacho kilipitia kwanza dukani kwangu kwa njia ninazozijua mimi. Treni ikaingia, ikazunguka, ikarudi inatutazama usoni. Mwalimu alisimama.

Mjomba akanivuta pembeni. Akasema mpwa wangu, huyu jamaa ametutoa mbali, hatujamwona hata sura na hajawahi kuomba hata vocha, siyo ustaarabu. Msimu umefungua, mnada wa kwanza umeshapita, akaingia ndani akatoka na korosho kilo mbili zilizobanguliwa, nzima nzima zile daraja la kwanza, zimefungwa kwenye karatasi ya mchoro wa 7, akaniambia hakikisha zinamfikia leoleo kwenye basi la jioni.

Nikamwambia zitafika. Nimekaanga nusu na chumvi, nusu nimeacha hivyohivyo, na Mjomba alipouliza nikamwambia jamaa anasema kazipenda mno ila daktari kamshauri ale mara kwa mara.